Barua ya wazi kwa mabosi wa pikapu za stima: bei mmechukua yote, gari mmeleta nusu

Kwenu mabosi wa ile kampuni iliyotuletea pikapu mpya za stima hapa pwani, na kwenu wakubwa wa serikali mlioko Nairobi ambao gari haiingii nchini bila nyinyi kuipitisha. Salamu nyingi kutoka Malindi.

Jina la kampuni silitaji, wenyewe mwajijua, na sisi tulionunua twajuana hapa mjini. Sikuja kuvunjiana heshima na mtu. Nina swali moja ambalo nshauliza kwa simu, nshauliza kwa imeli, nshauliza kwa ile namba ya kuchati inayojibu "asante kwa kuwasiliana nasi" alafu kimya mpaka mtondo, na mpaka leo sijapata jibu la maana: kwa nini mwatuuzia gari ambayo programu yake bado yaandikwa, na bei mwaichukua yote siku hiyo hiyo?

Najua kuna mtu hapo ofisini ashaanza kusema hawa wa pwani hawataki mabadiliko. Bas asikie. Pikapu yenyewe twaipenda. Mota ina nguvu, ukiipakia barafu na samaki mpaka springi zalala bado yatoka kwenye mchanga wa Ngomeni bila kelele wala moshi, na aliyewahi kukwama pale na pikapu ya dizeli akasukumwa na wavuvi huku wanamcheka anajua nasema nini. Petroli stesheni twapita tu, hatupigi hata honi. Mwaka 2023 EPRA, ile mamlaka ya serikali ya kusimamia bei za stima na mafuta, iliweka bei maalum ya stima ya kuchajia magari, na ukichaji zile saa za usiku bei ni nusu ya mchana, hesabu hiyo hata mama yangu ambaye hajawahi kushika usukani aliielewa mara moja. Na hapo Langobaya kuna shamba la sola la megawati 40 latoa stima tangu Desemba 2021. Jua ni letu, waya zapita juu ya vichwa vyetu, kwa hivyo gari ya stima kwetu ni jambo lenye maana kabisa.

Na ule mchezo wa kutuambia hatujazoea teknolojia pia muuache. Yule dada wa kastama kea aliniambia hivyo kwa sauti tamu sana, "labda bado hujaizoea, mzee". Dada yangu, Ngomeni hiyo ninapochukulia samaki, baharini mbele yake ndipo liliposimama jukwaa la kurushia roketi la San Marco, na setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, na Wataliano waliajiri watu wa hapa hapa. Teknolojia twaijua. Tusichokijua ni lini mtamaliza kazi yenu.

Tatizo ni vitufe vya kijivu. Mkifungua ile skrini kubwa ya katikati kuna ukurasa una mambo mazuri kweli kweli: hali ya kubeba mzigo, hali ya kuvuta trela, kufunga difu ili magurudumu yazunguke pamoja gari isikwame, ratiba ya kuchaji saa za bei rahisi, soketi za nyuma ziendelee kuwaka hata gari ikiwa imefungwa. Vyote vimechorwa, vina picha, vina maelezo. Ukigusa hakuna linalotokea. Rangi ya kijivu, na chini yake maandishi madogo ya Kizungu kwamba kitakuja hivi karibuni. Sasa chukueni ile karatasi ya matangazo mliyotupa shoruum, vitu hivyo hivyo viko kwa herufi nene na hakuna neno karibuni wala kesho. Kijana wa mauzo alitusomea kimoja kimoja, kidole kwenye karatasi. Kwenye skrini hakugusa.

Hiyo ni sawa na fundi wa Mambrui akuuzie dau halijatiwa kalafati, akupokonye pesa yote, akwambie we ingia tu baharini, kalafati nakuletea hukohuko.

Niwaeleze habari ya soketi manake hapo ndo palipoumiza. Kazi yetu ni samaki. Twachukua Ngomeni, twachukua Mayungu, twapelekea mahoteli ya hapa na Watamu, na wakizidi twashuka nao Mombasa, kilomita kama 120. Kikundi chetu kilipokaa kuamua dizeli au stima kilichotuvuta ni hizo soketi, kwamba friza itachomekwa pale nyuma, betri kubwa ya gari iwashe, barafu tupunguze, samaki afike jicho lang'ara. Siku ya maonyesho friza iliwaka, na gari ilikuwa wazi milango yote, watu wapanda washuka. Kazini mambo ni mengine. Ukizima gari ukafunga milango, baada ya muda mfupi soketi zajizima zenyewe. Hazilii, hazitoi ujumbe kwenye simu, zazima tu. Dereva wetu alipakia jioni, samaki hata hawajapoa vizuri, akaegesha nje ya hoteli usiku ili asubuhi awe wa kwanza, akafunga gari akaenda kulala kwa dada yake hapo karibu, akijua friza yafanya kazi. Asubuhi jua lishapanda, mpishi akaja na sinia lake, akafungua kifuniko. Kolekole wakubwa na changu tele. Hakugomba. Alinusa, akabonyeza kolekole mmoja ubavuni kwa kidole gumba, nyama ikabonyea haikurudi, akafunua shavu akatazama, rangi ishakuwa ya udongo, akarudisha kifuniko taratibu kama afunikaye mtoto, akasema "hawa rudini nao". Na wiki ile hakutuagiza tena.

Hasara tukagawana. Nikapiga simu. Nikaambiwa soketi kuzima ni kulinda betri, mpangilio wa kuziacha ziwake utakuja kwenye apdeti. Apdeti gani? Ijayo. Ijayo lini? Tutawajulisha. Mazungumzo yote hayo yalikula kredi yangu.

Mjue twaishi vipi sasa hivi. Dereva hutia dumu la maji la lita 20 kwenye kiti chake, akalifunga mkanda, gari ikadhani kuna mtu amekaa, soketi zikabaki zinawaka. Hiyo ndo apdeti ya Malindi. Na mlango hatuufungi kwa ufunguo, mtu alala nyuma na panga, kwa gari iliyosemekana ina akili. Wala msiniambie haiwezekani kuiandika hiyo programu. Ford F-150 Lightning iliyoanza kuwafikia wateja Marekani 2022 yaweza kutoa mpaka kilowati 9.6 kwenye soketi zake, watu wachomeka misumeno na mitambo ya kuchomelea, wengine huwasha nyumba nzima stima ikipotea. Friza yetu haifiki hata robo ya kilowati.

Alafu kilomita za kwenye skrini. Gari hupiga hesabu ya umbali uliobaki kwa kuangalia ilivyokula stima huko nyuma, hilo twalielewa, hata binadamu hukisia hivyo. Lakini ile hali ya mzigo na hali ya trela, ambazo ndo zingeiambia gari kwamba sasa nimebebeshwa, ziko kijivu. Kwa hivyo yaondoka mjini tupu, yajisifu, alafu yapakiwa, na ile namba yaanza kuporomoka ushafika mbali. Mwenzetu mmoja alivuta boti ya faiba kwa trela kuipeleka kwa fundi Mtwapa. Katoka hapa skrini yamwambia 210. Anafika Kilifi, ambayo ni kilomita kama 60, yamwambia 70. Akazima AC, akafungua madirisha, akashusha mwendo mpaka matatu zikawa zampigia honi na kumtukana. Mwisho akaomba stima kwa jamaa wa welding kando ya barabara, soketi ya kawaida ya nyumbani, na soketi ya namna hiyo ukiichajia pikapu yenye betri kubwa utakesha. Alikesha. Huko Marekani walishajaribu pikapu hizi zikivuta trela kubwa na umbali ukapungua karibu nusu, si siri, kila anayeziuza anajua, kwa hivyo kumwacha mtu aondoke na namba ya gari tupu huku avuta boti ni kumdanganya kwa taa za rangi.

Na hiyo ni barabara ya Mombasa yenye maduka na watu wa kuomba. Ya Lamu je? Ukishapita Gongoni na Marereni waelekea Garsen nyumba zapungua na netiweki yapungua. Mvua za El Nino mwisho wa 2023 maji yalikata barabara ya Garsen na Lamu, magari yakalala njiani. Kuna nyakati gari za huko hupangwa msafara na askari. Sasa muwaze skrini yenu, ambayo kwetu ishawahi kujizima ikajiwasha upya gari ikiwa mwendoni, ifanye hivyo katikati ya msafara, kamera nyeusi, spidi huioni kwa sababu spidi pia mmeiweka humo humo kwenye skrini. Utapunga mkono msafara mzima ukungoje umalize kuwasha?

Wipa nazo sijui niseme nini. Wipa! Kitu kilichokuwa na kijiti kando ya usukani tangu babu zetu. Nyinyi mmeifanya ya kujiwasha kwa kamera, na ukitaka kuiwasha mwenyewe uguse skrini, uingie menyu, uingie menyu nyingine. Masika hapo daraja la Sabaki mvua yaja kama ukuta, kioo chote cheupe, na dereva atafuta menyu. Tena kukiwa hakuna mvua, ule ukungu wa chumvi utokao baharini waganda kwenye kioo na kamera haiuoni, yadhani kioo ni safi.

Nije kwenye apdeti zenyewe, hizo tunazoambiwa ndo dawa ya yote. Sisemi apdeti ni mbaya. Februari 2024 huko Marekani Tesla ilibidi irekebishe gari kama milioni 2.2 kwa sababu taa za onyo kwenye skrini zilikuwa na maandishi madogo mno, na kazi yote ilifanywa kwa apdeti, hakuna aliyepeleka gari gereji. Hiyo ni neema. Lakini Aprili mwaka huo huo pikapu zao za stima za Cybertruck 3,878 ziliitwa zirudi kwa sababu kile kipande cha juu cha pedali ya ekseleta chaweza kuteleza kikakwama pedali ikiwa chini, na chanzo chake ni kwamba kiwandani walitia sabuni ili kipande kiingie kwa urahisi. Sabuni hiyo hakuna apdeti iliyoitoa, palihitajika fundi mwenye mikono. Nyinyi fundi mwenye mikono hapa Malindi mmemweka wapi? Fundi wetu wa Kisumu Ndogo, anayefungua gari zetu miaka yote, akichomeka mashine yake yakataa, mmefunga. Ujumbe wa hitilafu ukitokea tubebe pikapu kwa lori mpaka Mombasa, tulipe lori la dizeli kubeba gari ya stima.

Na apdeti zaja vipi? Usiku, gari ikiwa inachaji, bila kuuliza. Dereva aamka saa kumi alfajiri akute skrini yamwambia gari isiendeshwe, kazi yaendelea, asilimia fulani. Mashua zaingia na maji, mabosi. Maji yakijaa samaki wamefika, na mnunuzi asiyekuwepo pale ufukweni hungojwi, mwenzako achukua. Tena zataka intaneti, na intaneti ya gari yenyewe huku yasuasua, kwa hivyo tuunganishe na simu, bando langu la wiki lilimezwa lote na apdeti moja ambayo nilipoisoma ilichoongeza ni mchezo wa kuendesha vigari kwenye skrini na rangi mpya za mandhari. Michezo! Friza hakuna, mchezo upo. Na kitufe cha AC kikahamishwa. Maelezo yote Kizungu, Kiswahili hamna, na pikapu za mizigo huku haziendeshwi na maprofesa.

Msije mkanijibu kwamba hata wakubwa wa dunia hufanya hivi. Ndio hufanya, na yaliyowapata twayasoma. Cybertruck ilitangazwa Novemba 2019 kwa dola 39,900, na ile ya juu ikasemwa itakwenda zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800 na ushee. Ilipofika mikononi mwa watu mwisho wa Novemba 2023 bei ya kuanzia ikawa dola 60,990, tena hiyo ya kuanzia ikaambiwa ingojwe, na ya kwenda mbali kuliko zote ikawa maili 340. Kufunga difu, kitu cha lazima kwa pikapu, kilikuwa bado kwenye programu, watu wakanunua wakangojea apdeti mpaka 2024. Ile betri ya nyongeza ya kurefusha umbali waliwekea watu amana, alafu 2025 wakaghairi kabisa, wakarudisha pesa. Angalau walirudisha. Rivian, kampuni nyingine ya pikapu za stima huko Marekani, nao Novemba 2023 walituma apdeti yenye vyeti vya usalama visivyo sahihi, skrini za magari zikaharibika, pikapu ya R1T ikiwemo, lakini mkubwa wao wa programu alitoka hadharani akasema ni mkono wa mtu ulituma toleo lisilo lenyewe, na wakaitengeneza. General Motors ndo walionifurahisha zaidi. Desemba 2023 gari yao ya Chevrolet Blazer EV ilipoonekana ina shida za programu walisimamisha kuiuza. Waliisimamisha! Wakairudisha sokoni Machi 2024 ikiwa imerekebishwa na bei imeshushwa. Sasa hao ni matajiri, wana wanahisa wa kuwapigia kelele, na bado waliweza kusema ngojeni kwanza. Nyinyi mwashindwa na nini?

Tofauti nyingine ni kwamba kule kuna NHTSA, mamlaka yao ya usalama barabarani, kila gari ikiitwa irudi yaandikwa wazi, idadi na sababu, mtu yeyote asoma, ndo maana mimi niliye Malindi najua habari ya sabuni ya kiwanda cha Marekani na sijui soketi za gari yangu mwenyewe zina nini.

Hapo nawageukia nyinyi wa serikali. Gari ya mtumba mwaiangalia isizidi miaka minane, usukani uwe kulia, taa, breki, matairi, sawa. Pikapu hizi ni kompyuta yenye magurudumu manne. Nani kati ya KEBS wa viwango na NTSA wa usalama barabarani anayekaa kwenye kiti cha dereva akagusa kila kitufe kilichotangazwa aone kama chafanya kazi? Na ikija apdeti inayobadilisha jinsi breki inavyoshika au soketi inavyozima, gari hiyo bado ni ile mliyoipitisha au ni nyingine? Katiba ya 2010, Ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayohitaji, na haki ya fidia akipata hasara kwa sababu ya bidhaa mbovu. Kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 pia. Sikusomea sheria, lakini kolekole wale najua kuwahesabu, na kitufe kilichochorwa kwenye karatasi ya matangazo kikawa hakifanyi kazi kwenye gari najua si maelezo. Mamlaka ya Ushindani nao hupokea malalamiko ya wateja, nawapelekea nakala ya barua hii. Na jambo la kamera ya ndani inayomtazama dereva muda wote na gari inayojua twalala wapi, kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, mtu atuulize ruhusa kwa lugha tunayoielewa kabla ya kubeba habari zetu.

Sasa tunachotaka. Kwanza kwenye risiti, si kwenye mtandao, kwenye risiti yenye muhuri, muandike kila kinachofanya kazi leo na kila ambacho hakijaja. Hicho ambacho hakijaja kiwe na bei yake, na bei hiyo ibaki mfukoni mwetu mpaka kije. Mkisema chaja Juni na Juni ikapita, mturudishie kitu. Mkifanya hilo moja tu mtaona jinsi waandishi wenu wa programu watakavyopata mbio, kwa sababu sahi asiyelala ni sisi tuliokopa sacco, nyinyi pesa mshatia benki. Apdeti iulize kwanza, iulize kwa Kiswahili, na dereva akikataa leo ikubali, isimzimie gari. Ikiharibu kitu kilichokuwa kizuri turudishiwe toleo la zamani siku hiyo hiyo. Wipa zirudishiwe kijiti, hilo kwa gari zijazo, hizi zetu muweke angalau kitufe kikubwa ukurasa wa mbele. Fundi wa Malindi mmoja au wawili mwafunze na muwape mashine ya kusoma hitilafu, wapo vijana hapa wanatengeneza tuktuk za stima kwa kujifunza wenyewe, hawatawashinda.

Na soketi. Soketi ziwake gari ikifungwa, zipige kelele betri ikifika kiwango mtakachochagua, zitume ujumbe kwenye simu ya dereva kabla hazijazima. Mambo matatu, mtoto wa chuo anaandika.

Mpaka hapo yatakapokuwa, simamisheni kuuza hizi zilizobaki kwenye yadi, ama ziuzeni kwa bei ya nusu kitu na mseme wazi ni nusu kitu, wapo watakaonunua, mie mwenyewe kwa bei hiyo ningenunua tena.

Jibu niandikieni kwa barua. Na kama mwataka kuja kuona, njooni alfajiri pale Ngomeni mashua zikiingia, mtatukuta. Mje na mtu anayeandika hiyo programu. Wa mauzo mwacheni Nairobi, ashatusomea karatasi yatosha.

Ni mimi mchukuzi wa samaki, kwa niaba ya kikundi,
Malindi.